Programu za gari zinapogombania spika na skrini, nani aamue?

Swali: "Tuko timu nne tunaotengeneza programu za kompyuta ya gari: ramani, muziki, simu na msaidizi wa sauti. Spika ni zilezile, skrini moja, maikrofoni moja, prosesa moja. Tulikubaliana kila programu ipewe namba ya kipaumbele, 1 hadi 10, na yenye namba kubwa iinyang'anye yenye namba ndogo. Sasa kila timu inadai 10. Kibaya zaidi, simu ikikatwa, muziki wakati mwingine haurudi kabisa, na wakati mwingine unarudi kwa kishindo huku ramani ikiongea. Tuongeze ngazi zifike 100? Au tumekosea wapi?"

Jibu:

Ndugu yangu, msiongeze ngazi. Mkizifikisha 100, kila timu itadai 100. Namba zenyewe hazina kosa. Kosa ni mahali mlipozibandika. Kipaumbele mmeipa programu, wakati kinachostahili kupewa ni ombi, yaani jambo moja ambalo programu inataka kulifanya sasa hivi kwa kutumia kifaa fulani.

Chukua ramani. Inapotaka kumwambia dereva "pinda kushoto baada ya mita 200", inahitaji spika papo hapo, na kwa sekunde chache tu. Ikicheleweshwa sekunde kumi, maneno hayo hayana kazi tena, na pengine yatampeleka dereva njia isiyo yake. Lakini ramani hiyohiyo, dakika hiyohiyo, inaweza kuwa inapakua picha za mji ambao dereva ataufikia baada ya saa nne. Kazi hiyo inaweza kungoja kwa muda mrefu bila mtu yeyote kugundua. Mkiipa ramani 10, upakuaji utaibana simu ya dereva. Mkiipa 3, sauti yake itamezwa na muziki. Hakuna namba moja itakayoifaa, kwa sababu ndani ya ramani mna mambo mengi. Simu nayo ni vivyo hivyo: mlio wa kuita, mazungumzo yenyewe, na kusawazisha orodha ya majina ni mambo matatu yenye uzito tofauti kabisa.

Wazo hili halikuanza na programu za skrini. Limo ndani ya nyaya za gari tangu ulipokuja mtandao wa CAN, ambao kampuni ya Bosch iliutangaza mwaka 1986, na mwaka 1993 ukawa kiwango cha kimataifa, ISO 11898. Nataka tuutazame kwa karibu, maana sijaona mfano mwingine safi namna hii wa kugawana kitu kimoja bila vurugu.

Vifaa vingi vya gari, kuanzia breki na injini hadi milango na taa, vinaweza kuzungumza kwa kutumia jozi moja ya waya. Kila ujumbe hubeba kitambulisho, mara nyingi cha biti 11 (yaani tarakimu 11 za 0 au 1), na kitambulisho hicho ndicho kipaumbele chake: namba ndogo hushinda. Tuseme vifaa viwili vimeanza kutuma kwa pamoja, kimoja ujumbe namba 5 na kingine namba 6. Kwa biti 11, tano ni 00000000101 na sita ni 00000000110. Vinatuma biti mojamoja, na kila kimoja kinausikiliza waya huku kikituma. Kanuni ni kwamba 0 huifunika 1. Biti tisa za kwanza zinafanana, kwa hiyo hakuna anayejua kwamba yuko na mwenzake. Kwenye biti ya kumi mwenye 5 anatuma 0, mwenye 6 anatuma 1, na waya unaonyesha 0. Mwenye 6 anaona kwamba alichotuma sicho kilichopo kwenye waya, ananyamaza hapohapo. Mwenye 5 anaendelea bila hata kujua kwamba kulikuwa na ushindani. Ujumbe wake haukuharibika wala haukuchelewa hata biti moja. Aliyeshindwa anangoja waya utulie, kisha anajaribu tena.

Hapo pana vitu ambavyo mfumo wenu hauna. Kitambulisho ni cha ujumbe, si cha kifaa: kompyuta ya injini hutuma habari za haraka za mzunguko wa injini na habari za polepole za joto la maji, kila moja na namba yake. Namba hizo hugawiwa na anayelisanifu gari zima, wala timu ya injini haijichagulii. Halafu, aliyeshindwa anajua mara moja kwamba ameshindwa, na anajua la kufanya. Kwenu, programu ya muziki inakatwa sauti tu. Haijui imekatwa na nani, kwa muda gani, wala kama itarudishiwa.

CAN ina udhaifu wake pia, na tutaufikia tukifika kwenye prosesa. Mwenye nguvu mpishe, ikiachwa iwe kanuni pekee, humfanya mnyonge afe njaa.

Kwa upande wenu, basi, kila ombi lijieleze. Liseme ni la matumizi gani, linataka kifaa gani, ni la muda mfupi au la kudumu, na kama linaweza kuridhika na pungufu. Hilo la mwisho wengi hulisahau, na mimi naliona ndilo lenye faida kuliko yote. Muziki unaweza kuendelea kwa sauti iliyoshushwa. Maelekezo ya njia yanaweza kugeuka mlio mfupi na mshale kwenye skrini wakati dereva yuko kwenye simu. Msaidizi wa sauti hana pungufu: maikrofoni ama ni yake, ama si yake. Ombi linaloweza kupunguzwa hukubaliwa mara nyingi zaidi, na timu zikilitambua hilo zitaacha zenyewe kudai kila kitu.

Mfumo wa Android uliotengenezwa kwa ajili ya magari unafuata njia hii kwenye sauti. Programu haitaji namba popote. Inataja matumizi: muziki, maelekezo ya njia, amri ya sauti, mlio wa simu, mazungumzo ya simu, kengele, taarifa. Tangu Android 11 yako pia matumizi ya dharura, ya usalama na ya hali ya gari, lakini hayo yamefungiwa programu za mfumo wenyewe. Programu aliyoisakinisha dereva haiwezi kujidai kuwa ni onyo la usalama. Nanyi wekeni ulinzi huo tangu mwanzo. Tamko la matumizi bila ruhusa nyuma yake litageuka kuwa "10" kwa jina jingine.

Sasa tuje kwenye kuamua. Ngazi, hata zikiwa za maombi, zinaweza kusema neno moja tu: huyu anamshinda yule. Haziwezi kusema "wote wawili". Muziki unapiga, maelekezo ya njia yanakuja: jibu jema ni wasikike pamoja, muziki ukiwa chini. Mazungumzo ya simu yanaendelea, muziki unaomba kuanza: ukataliwe. Muziki unapiga, simu inapokelewa: muziki unyamaze, simu ichukue. Majibu haya hayakai kwenye mstari mmoja. Yanakaa kwenye jedwali, ambalo mistari yake ni matumizi yaliyokwisha kushika kifaa na safu zake ni matumizi yanayoomba. Kila kisanduku kina jibu moja kati ya matatu: mgeni akataliwe, mgeni achukue na mwenyeji atoke, au wakae pamoja. Android inafanya hivyo hasa kwa sauti za gari, na nawashauri mfanye hivyohivyo kwa kila kifaa, kwa jedwali lake. La spika halifanani na la maikrofoni, kwa sababu maikrofoni haina cha kukaa pamoja isipokuwa mmekikusudia.

Jedwali likae mahali pamoja, mikononi mwa mwamuzi mmoja: huduma ndogo ambayo kila programu inaiomba na kuisikiliza. Programu zisiongee zenyewe kwa zenyewe kuhusu vifaa. Hapo ndipo nashuku kasoro yenu ya muziki ilipolala. Dalili unazozieleza hutokea pale programu ya simu inapouambia muziki "nyamaza" mwanzoni na "endelea" mwishoni. Simu ikianguka katikati, "endelea" haisemwi, na muziki unabaki kimya. Simu ikikatwa wakati ramani inaongea, "endelea" inasemwa bila kujua kwamba kuna mwingine, na muziki unaingia kwa sauti kamili. Timu ya simu haina kosa. Imebebeshwa kazi isiyo yake.

Kunyang'anya ni rahisi, kurudisha ndiko kugumu. Watu wengi huandika rundo: aliyenyang'anywa anawekwa juu, kifaa kikiachiwa anarudishiwa wa juu. Hilo linafanya kazi mpaka siku dereva atakapobadili nia katikati. Muziki ulikuwa unapiga. Simu imeingia, muziki umekaa kwenye rundo. Simu ikiwa bado inaendelea, dereva anabonyeza redio ili aisikilize akimaliza. Simu inakatwa. Rundo linarudisha muziki, wakati dereva ametaka redio. Au dereva alikuwa ameusimamisha muziki kwa mkono wake sekunde moja kabla ya simu kuita. Rundo likiurudisha, gari linaanza kupiga wimbo ambao mtu ameuzima. Mambo kama haya humchosha dereva kuliko kasoro kubwa, kwa sababu anajiona hasikilizwi.

Kwa hiyo mwamuzi asirudi nyuma, akokotoe upya. Atunze orodha ya maombi yote yaliyo hai, yaliyokubaliwa na yanayongoja, pamoja na nia ya mwisho ya dereva. Kifaa kikiachiwa, apitie orodha nzima kana kwamba maombi yote yamefika sasa hivi, na jedwali liseme nani apate. Redio ilikataliwa wakati wa simu, lakini ombi lake liliwekwa kwenye kungoja, basi itapata. Muziki uliosimamishwa na dereva hauna ombi hai, basi hautarudi. Ramani inayoongea bado inahesabika, basi chochote kitakachorudi kitaanza kikiwa kimeshushwa. Kasoro zenu mbili zinaisha kwa kanuni moja, na si kwa viraka viwili.

Kuna mambo mawili ya kuongeza hapo. Programu ikifa, mwamuzi ajulishwe na mfumo endeshi wenyewe na afute maombi yake papo hapo. Asingoje programu iliyokufa imuage. Na programu ikiambiwa iachie, ipewe muda mfupi, tuseme sehemu ya kumi ya sekunde, kisha mwamuzi aizime sauti yake kwenye kichanganyia sauti bila kuiomba tena. Ustaarabu wa programu ni mzuri, lakini onyo la kugonga ukuta haliwezi kuutegemea.

Hili la onyo linanipeleka kwenye jambo ambalo jedwali lenu halipaswi kuligusa kabisa. Nchini Marekani, kanuni ya usalama FMVSS 111 inadai picha ya kamera ya nyuma ionekane ndani ya sekunde 2 tangu tukio la kurudi nyuma lianze, na tangu Mei 2018 inahusu magari yote mapya yenye uzito wa juu usiozidi takriban kilo 4,500. Sasa fikirini dereva anawasha gari na kutia gia ya nyuma mara moja. Mfumo mkubwa wa skrini huenda bado unaamka. Mwamuzi wenu hayupo hata wa kuombwa. Ndiyo maana kamera hiyo, katika magari mengi, huchorwa na njia ya pembeni: prosesa ndogo ya pekee, au tabaka la skrini lililo chini ya mfumo mkubwa, ambalo hufunika kila kitu bila kuomba ruhusa. Huko Ulaya nako, aina mpya za magari ya abiria tangu tarehe 31 Machi 2018 lazima ziwe na eCall, mfumo unaopiga simu ya dharura 112 wenyewe gari likipata ajali kubwa. Unapopiga, unahitaji sauti, maikrofoni na mtandao, wala haungojei programu ya muziki iseme nimemaliza.

Waliozoea programu za simu za mkononi hupata shida kulikubali hili. Wanaona namba kubwa kuliko zote inatosha. Haitoshi. Namba inaeleza nani atangulie wakati kila kitu ni kizima. Haielezi chochote kuhusu programu iliyoharibika na kuandika juu ya kumbukumbu ya mwenzake, au iliyojaza foleni ya mwamuzi kwa maombi elfu moja kwa sekunde. Kiwango cha ISO 26262 kinachohusu usalama wa mifumo ya umeme ya magari, kilichotolewa mwaka 2011 na kurekebishwa 2018, kinadai kutoingiliana: sehemu isiyo ya usalama isiweze kuiharibu sehemu ya usalama, iwe kwa muda, kwa kumbukumbu au kwa mawasiliano. Huo ni ukuta, na ukuta haujengwi kwa namba. Kwa hiyo kabla ya kuandika jedwali, toeni nje vile visivyopaswa kushindania chochote. Vinavyobaki ndivyo vya kugawana.

Prosesa sasa. Huku pana mtego ambao wanasayansi wa kompyuta wanaujua vizuri, na mfano wake maarufu ulitokea sayari ya Mirihi. Chombo cha Mars Pathfinder kilitua tarehe 4 Julai 1997, na siku chache baadaye kompyuta yake ikaanza kujizima na kujiwasha. Kazi ya kipaumbele cha chini, ya kukusanya vipimo vya hali ya hewa, ilikuwa imeshika kufuli (alama inayoruhusu kazi moja tu kwa wakati) la mahali pa kupitishia data. Kazi ya juu, iliyosimamia mtandao wa ndani wa chombo, ilihitaji kufuli hilo, ikangoja. Ingengoja kidogo tu, lakini kazi za katikati, za mawasiliano, zikaingia na kuizuia ile ya chini isimalize. Kwa hiyo ya juu ilikuwa inazuiwa na ya katikati, ingawa kwenye karatasi inaishinda. Mlinzi wa muda akaona kazi muhimu haijakamilika, akawasha kompyuta upya. Wahandisi waliliponya kutoka Duniani kwa kuwasha urithi wa kipaumbele: anayeshika kufuli hupandishwa kwa muda hadi kiwango cha anayemngoja, amalize haraka na kuachia.

Msidhani mko mbali na hilo. Muziki ukiandika picha za albamu kwenye hifadhidata ileile ambayo ramani inasomea sauti zake, mnalo tayari. Mfumo endeshi wenu huenda tayari una urithi wa kipaumbele. Hakikisheni umewashwa kwenye kila kufuli linalotumiwa na kazi za ngazi tofauti. Bora kuliko hapo, punguzeni kufuli za namna hiyo.

Na ule udhaifu wa CAN niliouahidi: kifaa kilichoharibika kinachotuma ujumbe wa namba ndogo bila kupumua kinaweza kuwanyamazisha wengine wote. Prosesa ni hivyohivyo. Kazi ya juu ikikwama kwenye mzunguko usioisha, walio chini hawapati hata chembe. Dawa ni bajeti. Kila kundi la kazi lihakikishiwe asilimia yake ya muda wa prosesa, na ambayo halikuitumia igawiwe wengine. Mfumo endeshi wa QNX hufanya hivi kwa sehemu zake za muda, na ule wa Linux kwa makundi yake ya udhibiti. Kwa bajeti, ramani hupata kidogo chake kwa hakika hata msaidizi wa sauti anapochemka, na upakuaji wa chini husonga polepole badala ya kusimama.

Kwenye kumbukumbu kipaumbele kina maana kali zaidi, kwa sababu kumbukumbu haiazimwi kwa sekunde tatu. Anayeshindwa anauawa. Angalieni tu kwamba ramani yenye safari inayoendelea isiwe kundi moja na ramani iliyofunguliwa na kuachwa. Skrini nayo ina kero yake: dereva anayeegesha hubadili gia mbele na nyuma mara kadhaa, na picha ya kamera ikija na kuondoka kila mara, inamkera. Iacheni ibaki sekunde chache baada ya gia ya nyuma kutolewa, ila mwendo ukizidi kiasi iondoke.

Limebaki la timu kudai 10. Mzozo huo hauishi kwa mkutano, unaisha kwa kubadili swali. Msiulize "jambo lako ni muhimu kiasi gani?" Kila mtu atasema sana, na atakuwa mkweli. Ulizeni kuhusu kila ombi: "Ukikataliwa kwa sekunde tano, nini kinatokea?" Majibu huangukia sehemu nne. Mtu anaweza kuumia. Dereva anapotea au anachanganyikiwa. Dereva anakereka. Hakuna anayegundua. Hizo ndizo ngazi zenu, nne tu, na hutumika pale tu jedwali linapokosa jibu, au kwenye vifaa kama mtandao ambako kugawana ni kwa kiasi. Mkitofautiana, mwenye kuamua awe yule anayeliwajibikia gari zima, kama namba za CAN zinavyogawiwa.

Jedwali lenye matumizi 8 lina visanduku 64, idadi ambayo kompyuta inaijaribu kwa dakika chache. Jaribuni kila jozi, kisha kila watatu kwa mipangilio yote sita ya kuachia, kisha rudieni huku mkiiua programu moja katikati. Mwamuzi aandike kila uamuzi pamoja na sababu, kwa lugha ambayo hata asiye wa timu yake ataielewa: "maelekezo ya njia, spika, yamekubaliwa pamoja na muziki, muziki umeshushwa". Malalamiko ya dereva yakija, mtasoma mstari huo kwanza kabla ya kulaumiana.

Kama kazi yote hii inaonekana kubwa, anzeni na spika peke yake, tena na kipande kidogo: futeni ule mstari ambao simu inauambia muziki uendelee, na kazi hiyo apewe mwamuzi. Skrini na maikrofoni zifuate spika zikishatulia.